Kichwa cha Nedžad

Ekrem mwoka mikate alicheka mpaka akashika meza ya kuuzia asianguke.

"Nana? Nana yako tulimzika mwaka wa mafuriko, Mungu amrehemu. Hapa tunauza mkate, Nedžo!"

Nedžad Spahalić alikuwa amesema "nan". Ni neno la Kiajemi, maana yake mkate, na alilizoea katika misimu miwili aliyocheza mpira Irani. Lakini kwetu Zavidovići, mji mdogo wa Bosnia, nana ni bibi, na foleni nzima ikaangua kicheko. Nedžad naye alitabasamu. Alisimama na noti mkononi, mtu mrefu wa mita moja na tisini na nne, akisubiri neno lije. Halikuja. Mwisho akanyoosha kidole kuelekea rafuni, kama mgeni aliyeshuka basi asubuhi ile.

"Huyu amekuwa mkubwa sasa," akasema mwanamke mmoja nyuma yake. "Lugha ya mama yake imemshinda."

"Ngojeni, kesho ataagiza kahawa kwa Kichina!"

Alichukua mikate sita. Nyumbani walihitaji miwili. Akasahau chenji yake na kutoka nje kwenye theluji, na kicheko kikamfuata mpaka kwenye kona ya posta.

Habari ilifika nyumbani kabla yake, maana mji wetu haujui siri. Jirani aliipitisha juu ya ua, na mama yake, Hasnija, akacheka hadi machozi. Mke wake, Zumra, hakucheka. Alikuwa akitandaza mezani unga uliokandwa, mwembamba kama kitambaa, wa kupikia pita, andazi letu la jibini. Mikono yake ikasimama, na unga ukachanika katikati.

Kwake yeye hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa kumi huko Kupro, alikokuwa akicheza, Nedžad aligongana na kipa, kichwa kwa goti. Akalala chini dakika nzima bila kutikisika, kisha akarudi uwanjani kipindi cha pili, na klabu ikamsifu kwa moyo wake wa simba. Wiki mbili baadaye alimfuata binti yao, Merjem, kwenye shule aliyokuwa ameiacha mwaka mmoja kabla. Alisubiri getini saa nzima. Halafu ikaja siku aliyoegesha gari na kurudi nyumbani kwa miguu, akaapa kwamba limeibwa.

"Mbona hucheki, mkwe wangu?" akauliza Hasnija.

"Nimechana unga, mama."

*

Mzee Šemso, baba yake Nedžad, alikuwa na vidole vitatu tu mkono wa kulia. Viwili vilibaki kiwandani kwenye msumeno wa mbao, na yeye hakuwahi kuvililia. Alichopenda kusimulia, kwa kila mgeni aliyeingia mlangoni na kuvaa ndala za nyumba, ni jinsi alivyomfunza mwanawe mpira. Nedžad alipokuwa na miaka sita, baba yake alifunga mpira kwa kamba kwenye boriti ya banda la kuni, akamwambia aupige kwa kichwa mara mia kabla ya kwenda shule, kiangazi na kipupwe.

"Siku nyingine alilia," mzee alikuwa akisema, akicheka. "Lakini tazameni! Magoli mia moja na kumi na mbili nchi za nje, na zaidi ya nusu kwa kichwa. Nchi tano zinamwita Nyundo, kila moja kwa lugha yake."

Sasa Nyundo alikuwa na miaka thelathini na minne, na klabu ya Kupro ilikuwa imeuacha mkataba wake ufe kimyakimya mwezi Desemba. Wiki tatu alikaa nyumbani akiitazama simu. Kisha Jumanne ile, siku ya mikate sita, simu ikalia wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa Dalibor, wakala wake. Klabu moja ya daraja la pili Uturuki ilikuwa imempoteza mshambuliaji wake, kavunjika mguu. Walitaka mtu mrefu wa kupiga vichwa. Mwaka mmoja na nusu.

Mzee Šemso alipiga meza kwa kiganja, vijiko vikaruka. "Nilisema nini? Mtu wa kufunga haozi!"

Nedžad aliinuka akamkumbatia mama yake, akambusu Merjem utosini, akacheka kama zamani. Kwa dakika ile hata Zumra aliona mume wake amerudi. Halafu Nedžad akakaa, akachukua kijiko, akaanza kula supu kutoka bakuli la baba yake. Mzee akalivuta taratibu bakuli la mwanawe na kula hilo.

Jioni Zumra alimfuata mkwewe bandani, alikokuwa akipasua kuni.

"Baba, Nedžad hayuko sawa."

"Amechoka. Wiki tatu bila mazoezi, hata farasi anapumbaa."

"Anasahau. Si vitu vidogo."

"Mimi nasahau miwani ikiwa puani." Akaweka gogo jingine. "Zumra, mwanangu, usimtie woga mtu anayekwenda kazini. Nimefanya kazi na misumeno miaka ishirini na saba. Mwenye woga ndiye hukatwa."

Zumra alitazama ule mkono wa vidole vitatu ukishika shoka. Akaokota vipande vya kuni. Jibu alikuwa nalo, lakini kwetu mkwe hamjibu hivyo baba wa mumewe.

*

Alhamisi Zumra aliomba simu ya mumewe amtumie dada yake picha ya Merjem. Akitafuta picha, akafungua mahali pa kuandikia kumbukumbu.

Ilikuwa orodha ndefu. Juu kabisa: *Zumra, mke. Merjem, binti, miaka minane, darasa la tatu, hapendi maziwa.* Chini yake: *Nyumba ya baba, geti la kijani, kushoto baada ya msikiti.* Kisha majina ya wachezaji wa Kupro na namba za jezi zao, na mengine: *Chumba cha kubadilishia, mlango wa pili. Kipindi cha pili tunabadilisha upande. ANGALIA UPANDE.* Hilo la mwisho lilikuwa limeandikwa mara tatu.

Zumra aliketi ukingoni mwa kitanda. Alisoma jina lake tena, na neno lililofuata, *mke*, na akahisi baridi ikimpanda miguuni kana kwamba mtu amefungua mlango wa nje. Mumewe alikuwa akijua. Alikuwa akijua muda wote, tena peke yake, akijijengea ukuta wa maneno.

Alimkuta uani akimwaga chumvi kwenye barafu ya ngazi ili iyeyuke. Akamwonyesha simu.

Nedžad alitazama skrini, akatazama mlimani. "Si kila siku," akasema. "Siku nyingine nakumbuka kila kitu."

"Twende hospitali ya Zenica kesho. Daktari akutazame tu."

"Akitazama ataandika. Akiandika, karatasi itanifuata mpaka Uturuki."

"Na isipokufuata? Ukipigwa tena je?"

"Sasa unataka nifanye nini, Zumra? Nikauze mikate kwa Ekrem?" Akacheka, kicheko kibaya. "Juzi hata jina la mkate lilinipotea! Kitu kimoja tu sijasahau. Krosi ikitoka kulia, najua itaangukia wapi. Najua kabla yule winga hajaupiga. Mwili wenyewe unakwenda. Pale uwanjani mimi mzima, unaelewa? Ni hapa ndipo ninapopotea." Akaonyesha ua, nyumba, geti la kijani.

"Nedžo."

"Mkataba huu mmoja. Halafu nitakwenda kwa daktari unayemtaka, hata kama ni wa ng'ombe."

Akarudi kwenye chumvi yake. Zumra aliona anaimwaga tena kwenye ngazi ileile aliyokwisha kuimwagia.

*

Dalibor alikuja Ijumaa baada ya swala, akiwa na koti zuri na sanduku la chokoleti kwa ajili ya Hasnija. Alivua viatu, akavaa ndala, akasifu pita ya jibini mpaka mama mwenye nyumba akaona haya. Baada ya kahawa ya pili akatoa karatasi.

"Vipimo vyao ni vyepesi," akasema. "Moyo, magoti, damu. Halafu siku hizi wana hili la kichwa. Si mmesikia, Ulaya nzima wamepata kichaa cha vichwa. Maswali mawili matatu kama ya shule ya chekechea. Wanakutajia maneno matano, unayarudisha. Unataja miezi kinyumenyume. Nimepata karatasi yenyewe wanayotumia. Maneno ni yaleyale kila mwaka, wavivu wale." Akaisukuma mezani. "Ajizoeze kidogo tu, asiingiwe na woga."

Alisema hivyo bila kumtazama Nedžad. Alimtazama Zumra. Ndipo Zumra akajua kwamba Dalibor naye anajua, na kwamba huko Kupro wanajua, na kwamba ule mkataba haukufa wenyewe.

"Na akishindwa?" Zumra akauliza.

"Shemeji, kwa nini ashindwe?" Dalibor akatabasamu. "Mtu akishindwa Uturuki, hakuna klabu nyingine itakayomgusa. Kwa hiyo hatashindwa."

Mzee Šemso mwenyewe ndiye aliyeshika karatasi. Wakala alipoondoka, alivaa miwani, akamkalisha mwanawe upande wa pili wa meza, sura yake iking'aa kama mtu aliyepewa tena kazi aliyostaafishwa.

"Kiwiko. Tufaa. Zulia. Farasi. Kengele. Haya!"

"Kiwiko, tufaa... farasi."

"Zulia, mwanangu. Tena."

"Kiwiko, tufaa, zulia, farasi."

"Na?"

"Sijui, baba."

"Kengele! Tena."

Walifanya hivyo Ijumaa yote mpaka swala ya magharibi, na Jumamosi wakaanza baada ya kifungua kinywa. Hasnija alipita na kurudi na sinia, akijifanya hasikii. Jumamosi mchana Nedžad aliyasema yote matano bila kukwama. Akayasema tena. Akayasema akiwa amefumba macho, akayasema akiwa amesimama kwa mguu mmoja, na mzee akapiga makofi, akampigia mkewe kelele aje asikie.

"Kiwiko, tufaa, zulia, farasi, kengele!"

"Mashallah! Nani alisema huyu ana kasoro?"

Nedžad alikaa, amefurahi, jasho usoni. Akachukua kikombe. "Itabidi nimuage Mjomba Hilmo kabla sijaondoka," akasema. "Anakuja lini?"

Hilmo, kaka yake Hasnija, alikuwa amekufa mwaka juzi katika majira ya kuchipua. Nedžad alipanda ndege kutoka Kupro akawahi mazishi. Alibeba jeneza mbele, upande wa kulia, na kwa sababu ya urefu wake liliinama upande mmoja njia nzima mpaka makaburini.

Hasnija aliweka sinia chini. Zumra alimtazama mkwewe. Mzee Šemso alikuwa na karatasi mkononi, na rangi ilikuwa inamtoka usoni polepole, kama maji yanavyoshuka kwenye ukuta.

"Kesho," mzee akasema. "Hilmo anakuja kesho." Kisha akarekebisha miwani. "Haya. Tena. Kiwiko."

*

Jumatatu Zumra alipanda ndege ya Uturuki na mumewe. Merjem alibaki kwa bibi yake.

Chumba cha daktari kilikuwa kwenye ghorofa ya tatu ya hospitali ndogo, na dirisha lake lilitazama uwanja wenyewe. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, na pembeni yake alikaa mkalimani, mzee wa asili ya kwetu ambaye wazazi wake walihamia Uturuki zamani. Alisema lugha yetu kwa lafudhi ya kizamani. Dalibor alibaki kwenye korido akiongea na simu mbili.

Moyo ulikuwa mzuri. Magoti yalikuwa ya mtu wa miaka arobaini, lakini daktari akasema ameona mabaya zaidi. Kisha akatoa karatasi.

"Nitakutajia maneno matano," mkalimani akatafsiri. "Uyashike, kisha uyarudishe. Mshumaa. Karatasi. Sukari. Kofia. Treni."

Zumra, aliyekaa kwenye kiti kando ya ukuta, aliinua kichwa. Walikuwa wamebadilisha karatasi.

Nedžad alinyoosha mgongo. Akatabasamu, tabasamu lile la kwenye magazeti.

"Kiwiko, tufaa, zulia, farasi, kengele."

Mkalimani hakutafsiri. Alimtazama daktari, akamtazama Zumra, akatazama kofia yake mwenyewe mapajani. Daktari aliuliza kitu kwa sauti ya chini. Mkalimani akajibu. Daktari akarudia maneno yake, polepole zaidi, mshumaa, karatasi, na Nedžad akarudia yake, kwa kujiamini zaidi, kama mtu anayemsaidia mwenzake asiyesikia vizuri. Alipoona nyuso zao, tabasamu likabaki pale mdomoni bila kujua liende wapi.

"Nimekosea?" akamuuliza mkewe.

Dalibor alikuwa amechungulia mlangoni. "Mwambie daktari ni uchovu wa safari," akamwambia mkalimani haraka. "Hajalala. Tutarudia kesho."

Daktari alimgeukia Zumra. "Anauliza," mkalimani akasema, "kama wewe kama mke umeona chochote nyumbani. Anasema wakala akiomba, sheria inaruhusu arudie kesho. Lakini anakuuliza wewe."

Ingetosha kusema hapana. Kesho angeletewa karatasi nyingine, na usiku huo angefunzwa tena, na keshokutwa angevaa jezi. Zumra aliwaza hayo yote, na paa la mzee lililongoja pesa hizo, na foleni ya mikate. Akafungua mkoba, akatoa simu ya mumewe, akafungua ile orodha, akampa mkalimani.

"Msomee," akasema. "Kuanzia juu."

Mkalimani akasoma, kwanza kwa lugha yetu, kisha Kituruki. Zumra, mke. Merjem, binti, miaka minane. Alipofika kwenye *angalia upande* aliisoma mara tatu, kama ilivyoandikwa.

Nedžad hakupiga kelele. Alichukua koti lake, akalivaa, akafunga kila kifungo.

"Umenizika," akamwambia. "Umenizika na macho yangu yako wazi."

*

Mji wetu haukumsamehe Zumra upesi. Dukani walimhudumia wa mwisho. Walisema mwanamke amemharibia mumewe riziki kwa wivu, kwamba hakutaka kuhama tena. Ekrem tu ndiye alimwekea mikate miwili kwenye karatasi kila asubuhi, akawa hamtazami usoni wala hachukui pesa. Madaktari wa Sarajevo walimpiga Nedžad picha za kichwa na kusema maneno marefu, na la mwisho kati yao lilikuwa fupi: hatapona. Hali yake inaweza kuzidi polepole. Pigo moja zaidi, nayo inaweza kwenda haraka.

Nedžad hakuzungumza na mkewe kwa siku kumi na mbili. Zumra alizihesabu.

Katikati ya Februari, saa mbili asubuhi, simu ya Nedžad ililia jikoni. Zumra alikuwa amempeleka Merjem shule. Mzee Šemso aliichukua.

"Mzee wangu, ni Dalibor. Sikiliza. Kuna klabu, mbali kidogo, Asia ya kati huko. Wale hawana mambo ya vipimo. Wanataka urefu na jina tu. Miezi sita. Mpe simu."

Mzee alimwona mwanawe amesimama mlangoni, na viatu vya mazoezi mkononi.

"Amekosea namba," mzee akasema, akakata.

"Baba, mimi sijasahau kila kitu. Hiyo sauti ni ya Dalibor. Nipe simu."

"Sitoi."

"Nipe simu, baba!"

Alinyoosha mkono wake mrefu juu ya meza, na mzee akaikumbatia simu kifuani kwa mikono miwili, akageuza mgongo kama mtoto anayeficha mkate. Walisukumana. Kiti kilianguka. Hasnija alitoka chumbani akipiga mayowe.

"Wewe ndiye uliyenifunza!" Nedžad alipiga kelele. "Mara mia! Nililia, wewe ukahesabu! Sasa unaniambia niache?"

"Ndiyo, mimi," mzee akasema. Alikuwa anahema, uso ukutani. "Mimi niliyehesabu. Na mezani pale nilijua, nikakuambia Hilmo anakuja kesho, nikakufundisha tena. Hilmo amekufa, mwanangu. Ulimbeba wewe. Sitakudanganya tena, na simu sitoi. Nipige ukitaka."

Nedžad alisimama na ngumi imekunjwa. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Lini?"

"Mwaka juzi. Majira ya kuchipua."

Akakaa chini sakafuni, pale penye kiti kilichoanguka, na kumlilia mjomba wake kama amekufa asubuhi ile. Zumra aliporudi aliwakuta hivyo, wote watatu chini. Nedžad alimnyooshea mkono. Akaketi naye.

Dalibor alipiga mara tatu nyingine wiki ile, kisha akaacha.

Mwezi wa Aprili klabu ya mji ilicheza nyumbani, na Nedžad akataka kwenda. Zumra alimfunga skafu, baba yake akaenda naye. Walikaa safu ya tatu, wakitafuna mbegu za maboga, na watu waliopita walimpiga Nedžad begani wakimwita Nyundo. Dakika ya sitini ikapigwa kona. Kijana mmoja wa miaka kumi na tisa aliruka juu ya mabeki wawili na kuupiga kwa kipaji cha uso, wavuni.

Jukwaa zima lilisimama. Mzee Šemso alibaki amekaa. Maisha yake yote alikuwa akiisikia sauti ile, mpira kwenye mfupa, na kuipenda. Leo ilimpitia kama sauti ya shoka.

"Nani kafunga?" Nedžad akauliza, macho yakimwaka.

"Yule kijana Harbinja, wa mtaa wa reli."

"Safi sana. Ameruka mapema, ndiyo siri yake."

Mechi ikaanza tena. Baada ya muda mfupi Nedžad akaona watu wanaimba, akamgusa baba yake. "Nani kafunga?"

"Harbinja. Wa mtaa wa reli."

"Kwa kichwa?"

"Kwa kichwa."

Mara ya tatu aliuliza kwa shauku ileile, ameinama karibu, mbegu mkononi. Mzee alimtazama. Angeweza kusema *wewe*. Nedžad angeamini, na angefurahi mpaka nyumbani, na hakuna mtu jukwaani pale ambaye angemlaumu baba.

"Harbinja," akasema. "Kijana wa mtaa wa reli."